Fundi Makochi Alivyojishtaki

Fundi makochi alikuwa mtu wa sheria. Simsifu, nasema alivyokuwa. Pale njia panda taa ikiwa nyekundu alisimama, hata barabara iwe tupu kabisa, hakuna gari, hakuna baiskeli, hakuna hata mbwa. Watu wanampita, wanamcheka, yeye kasimama na bunda la sponji kichwani anangoja taa igeuke. Mtaani wakamwita Mheshimiwa Kifungu. Hakukasirika, maana hakujua sheria yoyote inayokataza watu kubandikana majina.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Mbao za fremu zimeegemezwa ukutani, sponji zimepangwa mpaka darini, vitambaa vimeviringishwa pembeni, na katikati kuna kochi la mteja limevuliwa nguo zote limebaki mifupa na springi. Toka asubuhi stepla ya kubania vitambaa inagonga, ta, ta, ta. Kazi yake aliijua. Aliweza kukaa kwenye kochi lako kidogo tu akakwambia nani nyumbani kwako anapenda kulala mchana, na kuna wake wawili watatu mtaani waliokuja kumshukuru kwa hilo, na mabwana zao waliokuja kumgombeza.

Nyuma ya karakana ndiko walikoishi: yeye, mkewe na binti yao mmoja. Binti alipewa jina la mama mzazi wa fundi, kwa hiyo fundi alimwita Mama. Mkewe naye, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wa mumewe, akamwita Mkwe.

"Mkwe wangu, vyombo vinakungoja. Au leo tena umenichukia?"

"Mkwe," binti anajibu, "nilishamwambia mwanangu akuajirie msaidizi. Hasikii."

"Mwanao hasikii toka umemzaa."

Na fundi, mwana mwenyewe, anabana kitambaa chake, kimya, anajifanya hayupo.

Binti alikuwa kidato cha tatu, na alikuwa na kifafa. Nalisema hivyo hivyo kama walivyolisema wao, bila kushusha sauti. Kilimwanza akiwa darasa la tano. Kliniki wakampa vidonge, anavimeza kila siku, na hata hivyo mara mojamoja kilimpitia. Nyumbani walishazoea. Akianguka wanasogeza vigoda na mikasi, wanamlaza ubavu, wanamwekea kipande cha sponji chini ya kichwa, hawamtii kijiko mdomoni wala hawamkandamizi, wanangoja. Kikiisha anaamka, anauliza yuko wapi, anakunywa maji, anajinyoosha kidogo. Ilikuwa kama mvua: inanyesha, mnaanua nguo, inakatika, mnaanika tena.

Siku kilipompitia shuleni, kipindi cha hesabu, mambo yalikuwa mengine. Hakuna aliyeumia, lakini dawati lilivunjika, mwanafunzi mmoja alipita dirishani, na mwalimu wa hesabu alipita mlangoni na chaki yake mkononi akaenda nayo mpaka bustanini. Binti alipozinduka alikuta darasa limehama. Yuko peke yake na ubao.

Alasiri akaja nyumbani na begi limejaa, madaftari yote, mpaka yale ya mwaka jana.

"Nimepumzishwa," akasema.

"Umefanywaje?" mama yake akauliza.

"Nimepumzishwa. Mwalimu mkuu kasema nipumzike mpaka nipone."

Fundi akaweka stepla chini, akafikiri. Neno lenyewe halikuwa baya. Mapumziko ndiyo yaliyompa mkate, maisha yake yote alikuwa akitengeneza mahali pa watu kupumzikia. Tena limetoka shuleni, na shule ni serikali, na serikali haiwezi kusema kitu ambacho hakipo. Akachagua mbao nzuri, akachagua sponji nene, na kabla wiki haijaisha akawa amemtengenezea binti yake kochi la kupumzikia, lenye mahali pa kuweka kichwa na mfuko wa pembeni wa kutia vitabu.

Mkewe alilitazama lile kochi, akamtazama mumewe.

"Wewe mwanamume, mtoto kafukuzwa shule, wewe unamshonea mto!"

"Hajafukuzwa. Kapumzishwa."

"Haya. Na mimi nikija kukupumzisha humu ndani usiniulize kwa nini nguo zako ziko nje."

Binti alilikalia kochi kwa adabu, kumfurahisha baba. Rafiki yake mmoja alikuwa akimletea madaftari jioni, ananakili. Wiki ikapita, na nyingine, na nyingine tena. Akaacha kumtania mama yake. Akiitwa Mkwe anaitika "Abee" tu, kama mgeni. Siku moja akasema, bila hata kuinua uso, kwamba mwisho wa mwezi shule inapeleka majina ya watakaofanya mtihani wa taifa mwakani, na yanapelekwa majina ya walio darasani tu. Asiyeandikwa sasa ndiyo basi tena.

"Kwani utapona lini?" fundi akauliza.

"Baba, daktari si alisema hiki si kitu cha kupona? Ni cha kutulizwa. Na kimetulia. Mara moja tangu mwaka uanze."

Hapo ndipo lile neno lilipomwingia fundi vizuri. Mpaka apone. Na haponi. Alikuwa amejenga, kwa mbao zake mwenyewe, kochi la mtoto kukaa maisha.

Kesho yake akavaa shati la kola akaenda shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa mama mmoja mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembelezea watoto wachanga. Alimpokea vizuri mno. Akamkalisha kwenye kochi la wageni, ambalo springi zake mbili zilikuwa zimeshakufa na ya tatu ilikuwa inamtafuta fundi mwenyewe, akamwagizia soda.

"Mzazi, yule binti yako ni dhahabu. Dhahabu! Adabu, akili, usafi. Sisi tunampenda sana."

"Ahsante, mwalimu. Basi arudi."

"Ndiyo maana tumempumzisha. Kwa upendo. Akipona tu, mlango uko wazi."

"Daktari anasema anaweza kusoma. Karatasi yake hii hapa."

"Daktari ni daktari, mzazi. Mimi ni mama."

Fundi alitoka pale amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, anang'aa, hana kitu. Alikuwa ameshafika getini ndipo akagundua kwamba hajapewa jibu.

Basi akaenda ofisi ya elimu, maana alisikia kwamba mzazi ana haki ya kukata rufaa. Pale kuna dirisha lenye kioo, na kioo kina kitundu, na nyuma ya kitundu kuna karani anayekula karanga.

"Nimekuja kukata rufaa," fundi akasema kwenye kitundu.

"Barua ya kufukuzwa."

"Hajafukuzwa."

"Sasa rufaa ya nini?"

"Ili arudi shule."

"Arudi kutoka wapi, kama hajafukuzwa?"

"Kutoka nyumbani."

"Mzee, wanafunzi wote wanatoka nyumbani." Karani akatafuna. "Sikiliza nikuelekeze. Mtoto akifukuzwa, kuna utaratibu. Bodi inakaa, mtoto anasikilizwa, mzazi anasikilizwa, barua inatoka. Barua ikitoka unakuja nayo hapa, unakata rufaa, tunaifanyia kazi. Bila barua hapa hakuna kilichotokea. Afukuzwe kwanza, halafu uje."

Ungekuwa wewe au mimi, pale kioo kingevunjika. Fundi alishukuru. Alikuwa ameelekezwa utaratibu, na utaratibu kwake ulikuwa kama maji kwa mwenye kiu. Akageuza, akarudi shuleni siku ileile, kiatu kimeshaanza kumbana.

"Mwalimu," akasema, "nimekuja kuomba mwanangu afukuzwe."

Mwalimu mkuu akaweka kalamu chini. "Mzazi, unajisikia vizuri?"

"Vizuri kabisa. Naomba afukuzwe, kwa barua, na muhuri."

"Mtoto yule? Haiwezekani. Kosa gani kafanya?"

"Hakuna."

"Sasa nitamfukuzaje mtoto asiye na kosa? Hiyo itakuwa dhuluma! Ni kinyume cha sheria!" Na kweli alikasirika. Alimkasirikia kwa niaba ya mtoto.

Fundi akafikiri. "Kuna chochote anachoweza kufanya ili afukuzwe?"

"Kama kipi?"

"Sijui. Avunje dirisha."

"Atavunjaje dirisha la shule, na haji shule?"

Soda ililetwa tena. Fundi aliinywa, maana si vizuri kuacha soda ya watu, akarudi nyumbani. Siku chache zilizofuata alikuwa akipigwa danadana hivyohivyo: dirisha linamtuma shule, shule inamtuma kwa daktari, daktari anashangaa, anaandika karatasi nyingine inayosema kama ile ya kwanza. Mkewe akawa hasemi tena, na mke yule akinyamaza nyumba nzima inakosa hewa. Mwisho wa mwezi unakuja. Binti kashaacha kunakili madaftari, amelala kwenye kochi lake zuri amegeukia ukuta.

Sasa sikiliza kilichotokea. Asubuhi moja likapita gari la matangazo, lile lenye spika mbili juu, linaenda polepole kama linatafuta kitu lilichodondosha. Fundi alikuwa mlangoni na stepla mkononi.

"Wazazi na walezi mnakumbushwa! Kukaa na mtoto wa shule nyumbani siku za masomo ni kosa! Ni kosa kisheria! Mzazi atakayebainika atakamatwa na kushtakiwa! Elimu ni haki ya kila mtoto!"

Gari likapita. Stepla ikabaki hewani. Fundi akageuka akamtazama binti yake kwenye kochi, siku ya masomo, saa za masomo, na jasho likamtoka mgongoni. Watu baadaye walisema alicheza karata kwa ujanja. Uongo mtupu. Huyu mtu hakuwa na ujanja hata wa kumdanganya mteja kwamba kochi lake litakuwa tayari kesho. Aliogopa. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa mhalifu, tena kwa wiki kadhaa, na alikuwa hajui. Akaenda kuoga, akatia shuka kwenye mfuko.

"Unakwenda wapi na shuka?" mkewe akamuuliza.

"Kujisalimisha."

"Kwa nani?"

"Kwa sheria. Nimekaa na mtoto wa shule nyumbani. Nimetia na mswaki."

Mkewe akamkodolea macho. Alifungua mdomo, akaufunga, na mimi nakwambia hilo halikuwa jambo la kila siku. Halafu akaingia ndani, akatoka na soksi. "Chukua na hizi. Huko sakafu ni ya saruji." Na akajifuta macho na kanga, kwa hasira, kama aliyekasirishwa na macho yenyewe.

Hakwenda dirishani safari hii. Mtu anayekwenda kukamatwa hapangi foleni ya rufaa. Alipita mlango wa pembeni, akauliza anayekamata wazazi yuko wapi, akaonyeshwa chumba cha ofisa wa elimu mwenyewe. Ofisa alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, mafua yamemshika, na hakuwa anatabasamu. Baada ya ule upole wote wa shuleni, fundi aliona afadhali.

"Nimekuja kujisalimisha," akasema, akaweka mfuko wake wa shuka chini.

"Umeua?"

"Hapana. Nimekaa na mtoto wa shule nyumbani. Siku za masomo. Nimesikia tangazo leo ndiyo nikajua ni kosa, naomba hilo liandikwe, lakini sikatai."

Ofisa akapenga kamasi, akamtazama vizuri. "Mtoto wako yuko shule gani?"

Fundi akasema.

"Na kwa nini umekaa naye?"

"Kapumzishwa."

"Na nani?"

"Na shule. Mpaka apone. Lakini ana kifafa, haponi, kwa hiyo nimeona nitaendelea kuvunja sheria mpaka nife. Bora nije mapema."

"Barua iko wapi?"

"Hakuna barua. Niliomba afukuzwe wakakataa. Wanasema ni kinyume cha sheria."

Ofisa akavaa miwani. Akamwambia arudie hilo la mwisho, akarudia. Akamwuliza kama anafanya mzaha, na fundi akashtuka kweli, akasema kwamba hawezi kuifanyia serikali mzaha. Basi ofisa akavuta karatasi, akaanza kuandika, na kila alichoandika alimsomea, na fundi akaitika "Ndiyo, nakiri." Alipomaliza akachukua simu akampigia mwalimu mkuu. Sauti ya kubembeleza ikasikika mpaka kwa fundi.

"Nina mzazi hapa amekiri kumzuia mwanafunzi wako asije shule," ofisa akasema. "Nitahitaji shahidi. Njoo kesho asubuhi. Na wewe mzee, njoo na mtoto."

"Silali hapa?" fundi akauliza, ameshika shuka lake.

"Nenda nyumbani kwako, mzee."

Kesho yake wakakutana wote wanne katika chumba kile chenye viti vya plastiki, ambavyo fundi alivikalia kwa masikitiko. Binti alivaa sare, imepigwa pasi mpaka imesimama yenyewe. Mama yake aliachwa nyumbani kwa amri ya mumewe, maana kumtukana ofisa wa serikali ni kosa.

"Huyu ni mwanafunzi wako?" ofisa akamuuliza mwalimu mkuu.

"Wangu kabisa! Dhahabu!"

"Hujamfukuza?"

"Mungu apishe mbali."

"Hujamsimamisha?"

"Hapana."

"Ulimpa ruhusa, ina tarehe ya kurudi?"

"Hapana. Tulimpumzisha tu, kwa upendo."

"Kwa kifungu gani?"

"Samahani?"

"Mimi kwenye sheria ya elimu nina kuhudhuria, nina ruhusa, nina utoro, nina kusimamishwa na nina kufukuzwa, na hayo mawili ya mwisho yana bodi na yana barua. Mapumziko ninayoyajua mimi ni yale ya kengele, watoto wanakimbilia bomba la maji, kengele inalia tena wanarudi. Haya yako kengele yake italia lini?"

Mwalimu mkuu akamtazama fundi, kama anayeomba msaada kwa mtu aliyemnywesha soda. Fundi akatazama sakafu.

"Kwa hiyo moja kati ya mawili," ofisa akasema. "Ama huyu mzee anamzuia mtoto, nimpeleke mahakamani, nawe uje useme mbele ya hakimu kwamba siku zote darasa lilikuwa linamngoja. Ama umemfukuza bila kumsikiliza, kwa sababu ya ugonjwa, na hapo nitakayempeleka si yeye. Chagua."

Fundi, mimi sisemi uongo, akanyanyua mkono. "Kama ni usumbufu, mimi niko tayari kufungwa. Bora tu jina lake liandikwe kabla ya mwisho wa mwezi."

"Baba, nyamaza," binti akasema.

Uso wa mwalimu mkuu ulikuwa umeshuka, na ile sauti ilipotoka safari hii haikuwa ya kubembeleza mtu. "Naogopa," akasema. "Mnataka ukweli, ukweli ndiyo huo. Nilipoitwa darasani siku ile nilimkuta chini, macho yamegeuka. Nilidhani amekufa. Walimu wangu wakakimbia, na mimi nikasimama pale mlangoni, miguu ikakataa. Siku nzima nilijiambia, akifa mikononi mwangu nitamwambia nini mama yake? Nikaona bora awe nyumbani."

Ofisa akamgeukia binti, ambaye toka mambo haya yaanze hakuna aliyemwuliza kitu, si shuleni, si dirishani, na hata baba yake, tusimfiche, hakumwuliza.

"Na wewe unasemaje?"

Binti akashika magoti yake. "Mimi huwa sijioni nikianguka," akasema. "Ninyi ndio mnaona. Mimi ninachoona ni nikiamka. Nyumbani nikiamka namwona baba ameshika sponji na mama ananiambia niamke vyombo havijaoshwa. Shuleni niliamka sikuona mtu. Nikadhani ni mimi nimekufa." Akamtazama mwalimu mkuu. "Mwalimu, na mimi naogopa. Lakini nikikaa kwenye lile kochi mpaka nizeeke ndiyo nitakuwa nimepona?"

Mwalimu mkuu akaanza kulia, waziwazi, bila leso. Fundi alitaka kumpa shuka, lakini safari hii alikuwa hajalibeba.

Mambo yaliandikwa palepale. Binti arudi Jumatatu. Jina lake lipelekwe na ya wenzake, na ofisa aonyeshwe lilivyopelekwa. Muuguzi wa kliniki aje shuleni awafundishe walimu na darasa lake nini cha kufanya akianguka, na mwalimu wa hesabu akae mbele. Na kesi ya fundi?

"Kesi gani?" ofisa akasema.

"Nilikiri."

"Mzee, toka ofisini kwangu kabla sijabadili mawazo."

Muuguzi alikuja kweli. Fundi aliombwa alete kipande cha sponji cha mfano, akaleta kumi na mbili, kimoja kwa kila darasa, amevishona foronya. Jumatatu binti akaenda shule. Mama yake alimsindikiza mpaka kona, akirudi akawa anafagia ua uliokwisha fagiwa.

Siku hiyo haikuwa na kitu, na ya pili yake haikuwa na kitu. Wiki ya tatu, mchana, fundi anabana mgongo wa kochi la watu, simu ikaita. Mwalimu wa hesabu.

"Mzee, habari za kazi. Nakujulisha tu, binti yako ameanguka."

Fundi alishavua aproni. "Nakuja kumchukua. Nakuja sasa hivi."

"Uje kumchukua umpeleke wapi?" mwalimu akauliza, na kweli alikuwa hajaelewa. "Ameshaamka. Tulimlaza ubavu, wenzake wakasogeza madawati, nikakaa naye mpaka kikapita. Amekunywa maji, kapumzika kidogo hapohapo. Sasa hivi ananisumbua nirudie swali la nne, anasema nililipitia haraka. Nimekupigia kwa sababu muuguzi alisema mzazi ajulishwe. Haya mzee, kazi njema."

Simu ikakatika. Fundi akajaribu kuvaa tena aproni, kamba zikamshinda. Akakaa chini kwenye vipande vya sponji, na kilio kikamtoka, kile cha mtu mzima, cha sauti, ambacho hakina adabu wala utaratibu. Mkewe akatoka ndani mbio, mikono imejaa povu la sabuni, akamkuta vile.

"Nini? Nini wewe? Mkwe wangu kafanyaje?"

"Kaanguka."

"Yuko wapi?" Alishamshika mabega, anamtikisa. "Sema! Mtoto yuko wapi?"

"Darasani," fundi akasema. "Yuko darasani."